Maradhi ya Uzeeni Yana Majina

Hotuba iliyotolewa Lusu, wilaya ya Nzega, mbele ya wanachama wa mandir na majirani

 

Nawashukuru kwa heshima mliyonipa ya kusema nanyi wakati mandir yetu inapoadhimisha kumbukumbu yake. Kamati iliniomba nizungumzie afya ya wazee. Mimi si tabibu. Elimu yangu ilikomea sekondari, na sehemu kubwa ya maisha yangu imepita nyuma ya kaunta ya duka. Lakini nimekwisha kuvuka miaka 60, umri ambao Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inautambua kuwa ndio uzee. Kwa hiyo habari nitakazozieleza ni zangu pia. Mambo ya tiba nitakayoyataja ni yale yanayofundishwa hospitalini kila siku, ambayo mzee yeyote anaweza kuyauliza na kuthibitishiwa.

Katika nchi yetu hii ya Unyamwezi, mzee anapolalamika juu ya mwili wake, mara nyingi hupewa moja kati ya majibu mawili. Jibu la kwanza husemwa kwa upole: "Ni uzee tu." Jibu la pili husemwa kwa sauti ya chini: "Amerogwa", na likigeuka kuwa baya zaidi, husemwa kuwa mchawi ni yeye mwenyewe. Majibu haya yanaonekana kuwa mbalimbali, lakini matokeo yake ni mamoja. Ukiisha kulikubali mojawapo, huoni tena sababu ya kumpeleka mzee kupimwa. Nia yangu leo ni kuwaomba tuyaache yote mawili.

Tazameni historia ya njia hii ya misafara. Mwaka 1857 Waingereza wawili, Burton na Speke, waliingia Tabora wakitoka pwani, na mwezi wa Februari 1858 wakafika Ujiji. Wakati huo Speke alikuwa karibu haoni kwa ugonjwa wa macho, na Burton alikuwa hawezi kutembea kwa miguu yake, maana homa ilikuwa imemdhoofisha. Je, walikuwa wazee? Burton alikuwa na umri wa miaka 36, na Speke miaka 30. Macho yaliyofifia na miguu iliyokataa kutembea, kwa kijana yaliitwa ugonjwa na yakatafutiwa dawa. Kwa nini basi macho hayohayo na miguu hiyohiyo, kwa bibi wa miaka 70, yasitafutiwe?

Nianze na ugonjwa unaowaingia wazee wengi bila kubisha hodi, nao ni shinikizo la damu. Watu hudhani kwamba mwenye presha lazima aumwe kichwa au asikie moyo kwenda mbio. Sivyo. Mtu anaweza kuwa nayo miaka mingi asihisi chochote, huku mishipa ya ubongo, moyo na figo ikichakaa. Kipimo kikifika 140 kwa 90 au zaidi, na kikarudiwa siku nyingine kikawa vilevile, hiyo ni presha ya juu, hata kama mwenyewe amelima shamba asubuhi hiyo. Kwa kawaida dawa zake hutumiwa maisha yote. Mtu akiziacha kwa sababu amejisikia vizuri, presha hurudi. Nafuu ile aliyoipata ilitokana na dawa zenyewe. Na kama dawa inamletea kizunguzungu anapoinuka, ainuke polepole, kisha amweleze daktari ili apunguziwe au abadilishiwe, asijiamulie peke yake.

Pamoja na dawa kuna suala la chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, nayo ni kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote vya siku nzima. Sisi Wagujarati chumvi yetu imejificha ndani ya achari, papadi, chevda na ganthia. Ninyi majirani zetu yenu imo katika dagaa na samaki waliokaushwa kwa chumvi, na katika ile inayoongezwa mezani kabla hata mboga haijaonjwa. Kila nyumba ina mahali pake pa kuanzia.

Presha isiyotunzwa huleta kiharusi. Dalili zake ni rahisi kukumbuka: uso kupinda upande mmoja, mkono kushindwa kuinuka, maneno kuvurugika kinywani, na yote hutokea kwa ghafula. Wengi husema mzee amepigwa na upepo mbaya, na siku mbili tatu hupita nyumbani kwa mganga wa kienyeji. Ndugu zangu, katika kiharusi kila saa ina thamani yake. Mlazeni mgonjwa kwa ubavu, msimpe chakula wala kinywaji kwa kuwa huenda hawezi kumeza, na mtafute usafiri. Msimpe aspirini kwa kubahatisha. Kiharusi kingine hutokana na mshipa uliopasuka, na aspirini huzidisha damu kuvuja. Hospitali ndiyo inayoweza kutofautisha. Baadaye, aliyepooza anahitaji mazoezi ya viungo mapema na kwa muda mrefu. Mkono unaolazwa tu kitandani hukakamaa.

Ugonjwa wa pili ni kisukari. Hapa nasema na jamii yangu kwa uwazi. Watu wenye asili ya Bara Hindi hupatwa na kisukari cha ukubwani kwa urahisi zaidi kuliko watu wengine wengi, na mara nyingi kabla hawajanenepa sana. Juu ya urithi huo tunaongeza chai yenye sukari nyingi, mithai na kukaa dukani mchana kutwa. Majirani zetu nao wasijione wako salama, kwa maana soda na kukaa kitako vimekwisha kufika vijijini. Dalili zake ni kiu, kukojoa mara kwa mara usiku, kupungua uzito na vidonda visivyopona. Lakini wengi hawana dalili yoyote mwanzoni. Kipimo cha asubuhi kabla ya kula kikifika milimoli 7 kwa lita au zaidi, na kikarudiwa kikawa hivyo, mtu ana kisukari.

Utunzaji wake ni chakula, mwendo na dawa. Sahani ya mgonjwa haitofautiani sana na sahani njema ya Kinyamwezi: mboga za majani kwa wingi, mlenda, kunde au dengu, na ugali au wali kwa kiasi. Kinachodhuru ni mlima wa wali wenye kijiko kimoja cha mboga. Aidha, mzee anayetumia dawa za kisukari asikae na njaa. Akianza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa, huenda sukari imeshuka mno. Kama anaweza kumeza, apewe maji ya sukari upesi, kisha ale.

Kisukari pia huua hisia za nyayo. Mzee hukanyaga msumari asijue, kidonda huoza, na mwisho wake ni kukatwa mguu. Basi kila jioni nyayo zitazamwe kwa mwanga, hata katikati ya vidole. Na kama mwenyewe hawezi kuinama, mjukuu amtazamie. Hapa mandir yetu ina wajibu wake. Sisi huvua viatu mlangoni kwa heshima ya mahali patakatifu. Napendekeza wazee wenye kisukari waruhusiwe kuvaa soksi safi au ndara za nguo zinazotumika ndani tu, na sakafu ya ua ifagiliwe na kukaguliwa kabla ya ibada. Prasad iwe na matunda pamoja na mithai. Na mwenye kisukari anayetaka kufunga siku ya Ekadashi amwone daktari kwanza. Dawa inayomfaa siku ya kula yaweza kumdhuru siku ya kufunga.

Sasa nije kwenye macho. Mtoto wa jicho ndiye mkuu miongoni mwa vyanzo vya upofu duniani, nasi hapa anatuandama. Lenzi ya jicho huingia ukungu kidogo kidogo, na hakuna dawa ya matone wala ya mitishamba inayouondoa. Lakini upasuaji huuondoa: lenzi yenye ukungu hutolewa, ikawekwa lenzi bandia, kwa ganzi ya jicho tu, na mara nyingi mgonjwa hurudi kwake bila kulazwa siku nyingi. Wako wazee wanaokaa gizani miaka mitano kwa maradhi yanayotibika kwa muda mfupi namna hiyo. Presha ya macho ni tofauti. Kilichopotea kwa ugonjwa huo hakirudi, bali kilichobaki huweza kulindwa kwa dawa. Ndiyo maana inafaa kuyapima macho kabla hayajaleta malalamiko. Na vikope, yaani trakoma, hugeuza kope zikakwaruza jicho. Huzuiwa kwa kunawa uso na usafi wa mazingira, na kope zilizokwisha kugeuka hurekebishwa kwa upasuaji mdogo.

Jambo ninalolisema sasa ni zito, nami naomba usikivu. Katika mikoa ya Shinyanga, Mwanza na huku kwetu Tabora, wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na macho mekundu yamekuwa mojawapo ya yale yaliyoitwa ushahidi. Tujiulize macho hayo yalipata wapi wekundu. Bibi amepika miaka 50 ndani ya jiko lisilo na dirisha, kwa kuni mbichi, mabua au samadi ya ng'ombe. Moshi ule umeyachoma macho yake kila siku alipokuwa akiwapikia watoto ambao leo ni watu wazima. Wekundu ule ni alama ya kazi aliyotufanyia. Mashirika yaliyohudumia wazee katika nchi ya Wasukuma yalilifahamu jambo hili, na pamoja na kuelimisha vijiji yakasaidia ujenzi wa majiko yanayopunguza moshi. Jiko la namna hiyo, dirisha moja ukutani na kadi ya kliniki ya macho vinaweza kumwondolea bibi maradhi na kumwondolea shutuma. Anayemwona bibi mwenye macho mekundu ampeleke kliniki, na anayesikia mnong'ono juu yake aukatishe palepale, kabla haujamfikia mwenye panga.

Hali iko hivyohivyo kwa kusahau. Mzee akianza kupotea njia ya nyumbani, kuwashuku wanawe kuwa wameiba, au kuzunguka usiku, husemwa kuwa ana mambo yake ya giza. Mara nyingi hiyo ni dalili ya ubongo kudhoofika, na namna yake inayojulikana zaidi ni ile iliyoelezwa mwaka 1906 na daktari wa Kijerumani, Alois Alzheimer. Haijapatikana dawa ya kuiponya, lakini mgonjwa husaidika kwa ratiba isiyobadilika, taa usiku, maneno mafupi ya upole, na kwa wanaomtunza kupokezana. Tafadhali msibishane naye. Kumshinda kwa hoja hakumrudishii kumbukumbu. Ila kama kuchanganyikiwa kumeanza kwa ghafula, jana akiwa mzima na leo hatambui watu, huo si usahaulifu wa uzee. Yaweza kuwa nimonia, maambukizi ya mkojo, malaria au sukari iliyoshuka, na anapaswa kufikishwa hospitali siku hiyohiyo.

Kuna chanzo kingine kinachowahusu hasa wale wetu wasiokula nyama wala mayai. Vitamini B12 hupatikana katika vyakula vitokanavyo na wanyama, na mwili wa mzee huifyonza kwa shida. Metformin, dawa ya kisukari inayotumiwa na wengi, nayo huipunguza ikitumika kwa miaka mingi. Upungufu wake huleta uchovu, ganzi miguuni, kuyumba na hata usahaulifu. Hakuna haja ya kuacha mila yetu ya chakula. Maziwa na mtindi husaidia, na upungufu ukithibitishwa hutibiwa kwa vidonge au sindano. Kinachotakiwa ni kumwambia daktari waziwazi kwamba huli nyama, ili akumbuke kupima.

Viungo navyo vina habari yake. Babu zenu walibeba mizigo ya frasila mbili, yaani kama kilo 32, kutoka hapa mpaka pwani, na sifa ya wapagazi wa Kinyamwezi ilienea kote. Magoti yaliyobeba na kulima miaka mingi huchakaa. Dawa ya kwanza ni kutembea kila siku kwa kiasi, kupunguza uzito uliozidi, na kutumia fimbo bila kuona haya. Vidonge vya maumivu kama diclofenac, ambavyo watu hununua na kuvimeza kila siku kama karanga, huweza kutoboa tumbo, kuharibu figo na kupandisha presha. Vitumike kwa ushauri wa daktari tu. Katika mandir yetu viwekwe viti kwa wasioweza kukaa chini. Mungu anapokea sala ya aliyeketi kitini kama anavyopokea ya aliyeketi sakafuni.

Kwa akina baba naongeza mambo mawili. Kuamka mara nne usiku kwenda haja ndogo, na mkojo kutoka kwa shida, mara nyingi ni tezi dume iliyokua. Mara nyingi si saratani, lakini huweza kuwa saratani, na daktari pekee ndiye awezaye kutofautisha. Aibu isitufikishe mahali mkojo umefunga kabisa. La pili ni la Lusu hasa. Hapa ulikuwapo mgodi mkubwa wa Golden Pride mpaka mwaka 2014, na kabla yake na baada yake wachimbaji wadogo wameendelea kuponda mawe ya dhahabu. Vumbi la mawe hayo hukaa mapafuni maisha yote na humfanya mtu aingiwe na kifua kikuu kwa urahisi. Mzee aliyewahi kuchimba au kuponda mawe, akikohoa wiki mbili au zaidi, apimwe makohozi. Kifua kikuu hupimwa na kutibiwa bila malipo.

Mtaniuliza: mambo ni mengi, mzee atayakumbukaje? Nitajibu kama mfanyabiashara. Siku za Diwali sisi hufungua daftari jipya la hesabu na kulifanyia ibada ya Chopda Pujan, kwa kuwa biashara isiyoandikwa hufa bila mwenyewe kujua. Kila mzee wa hapa, Mhindu kwa Mnyamwezi, awe na daftari lake dogo. Liandikwe tarehe, presha, sukari, dawa anazotumia na siku ya kurudi kliniki, na aende nalo kila anapotibiwa. Dawa za miti shamba nazo ziandikwe, maana nyingine hugongana na vidonge.

Na kama msafara ulivyokuwa na kirangozi wake aliyetangulia akiijua njia, kila mzee awe na mtu mmoja katika ukoo, anayejulikana kwa jina, wa kusimamia daftari hilo. Watoto sita wanaosema "tutamwangalia wote" mara nyingi huwa hakuna anayemwangalia. Kirangozi huyo pia akague nyumba: taa ya njia ya chooni, mkeka usioteleza, kiti cha kushikilia bafuni. Mzee akianguka na kuvunjika nyonga huenda asisimame tena.

Pa kwenda pako. Ipo hospitali ya Nzega, ipo Ndala, ipo Nkinga wilayani Igunga, ipo Kitete mjini Tabora, na magonjwa makubwa hupelekwa Bugando, Mwanza. Serikali imeelekeza kwamba wazee wasiojiweza watibiwe bila malipo katika vituo vya umma, na halmashauri hutoa vitambulisho kwa ajili hiyo. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha pia Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Mzee ambaye bado hana kitambulisho aanze kwa mtendaji wa kijiji.

Kwa kamati ya mandir ninayo maombi matatu. Tununue mashine mbili za kupimia presha, na vijana wawili wafundishwe na muuguzi kuzitumia, ili kila Jumapili mzee yeyote, wa dini yoyote, apimwe uani kwetu bila malipo. Tutenge fungu la nauli kwa wazee wa Lusu wanaohitaji upasuaji wa macho na hawana uwezo. Na tuchapishe madaftari ya afya yatakayogawiwa kijiji kizima pamoja na kitabu hiki cha kumbukumbu. Mimi nitalipia madaftari yote; hayo mengine mawili nayaacha mikononi mwa wanachama.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mzee wako akilalamika leo jioni, muulize linauma wapi na tangu lini, uliandike jibu lake, na kesho asubuhi mwende pamoja kupima. Mungu awape wazee wetu wote siku nyingi zenye afya.